Konokono wa Shaba ya Bibi

Jirani yangu hapa Mbeya hunyoosha nywele za wanawake kwa kitana cha chuma anachokipasha moto kwenye jiko la mkaa. Siku za Jumamosi, dirisha lake likiwa wazi, harufu ya nywele zilizoungua huvuka uchochoro na kuingia kwenye kibanda ninachofanyia kazi zangu za chuma. Wengine hufunga pua. Mimi huweka nyundo chini, na kwa muda mfupi siwi tena mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Nina miaka tisa, nimechuchumaa jikoni kwa Bibi, Kihesa, Iringa, na nimefanya jambo ambalo sijui nitalirudishaje.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu yeyote yote kwa pamoja. Mume wangu anajua habari ya konokono, mdogo wangu anajua habari ya bangili. Ninyi nawaambia zote mbili, kwa sababu mko mbali na hamtaniangalia usoni.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Babu mzaa baba alikuja huku nyanda za juu kutoka pwani, akafungua duka dogo la nguo, na baba akarithi meza yake, mkasi wake na tabia yake ya kukunja uso akiona mshono uliopinda. Asubuhi za Mbeya zilikuwa za ukungu mzito ulioshuka kutoka mlima Loleza, na baba alishona karibu na mlango ili apate mwanga. Neno nililolisikia zaidi ya jina langu mwenyewe lilikuwa "fumua." Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake bila kuinua macho: "Fumua, anza upya. Kitambaa hakina kinyongo." Nao walifumua, na kweli, kitambaa kikipigwa pasi hakikuonyesha kwamba kuliwahi kuwa na kosa. Kazi yangu ilikuwa kuokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani na kuvitupa motoni, ili mteja asikute uchafu.

Kukua katika nyumba ya namna hiyo kulinifanya mtoto mgumu. Nilifuta maneno kwenye daftari mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikalia kwa sababu ya tundu. Siku moja mama alinisuka kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi jua likakaribia kuzama. Nikapapasa kichwa nikagundua mstari mmoja umekwenda kombo nyuma ya sikio, nikamwomba afumue zote. Mama akasema, "Wewe ungekuwa Mungu, mpaka leo dunia ingekuwa bado siku ya kwanza." Alicheka. Mimi sikucheka. Niliona alichosema kilikuwa na mantiki.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Baada yangu walikuwa wamekuja watoto wawili, na hawakukaa. Mmoja alikaa wiki moja, mwingine hata jina hakupata. Kwa hiyo safari hii nyumba nzima ilitembea kwa vidole, na mimi, niliyekuwa nikiuliza maswali mengi na kulia kwa sababu ndogo, nikapelekwa Iringa kwa mama yake mama mpaka mambo yaishe. Basi lilitutikisa siku nzima. Tulipofika Igawa lilisimama injini ipoe, nikala hindi la kuchoma kwa mistari, mstari mmoja mmoja, bila kuruka punje. Nakumbuka mwanamke aliyeliuza aliwaita wanawake wenzake waje wanione.

Bibi alikuwa Mhehe, Mkristo, mrefu, na mtani. Mama alisilimu alipoolewa, na Bibi hakulisema sana jambo hilo, isipokuwa kila Jumapili aliniambia, "Basi wewe Mwislamu linda nyumba, sisi makafiri tunakwenda kusali." Kwa kuwa mjukuu wa kike ni mtani wa bibi yake, hakuniita Zuhura hata siku moja. Aliniita mke mwenza, na kila asubuhi alinisalimu hivi:

"Kamwene, mke mwenzangu! Unaamka saa hizi? Mume wetu huko aliko chini ya udongo anakuona unavyolala."

Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini kwa Bibi alikuwa bado mume wa watu wawili wanaogombana.

Kihesa ya wakati ule ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Nilifika mvua zikiwa zimeshika, na katika asubuhi za kwanza kwanza, kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, nikamwona konokono. Mbeya wako konokono, sikatai, lakini sikuwahi kuwa na nafasi ya kumtazama mmoja bila mtu kuniita. Nilimtazama mpaka uji ukapoa. Baadaye nikapata nyumba tupu ya konokono mwingine, nyeupe, kubwa kama ngumi yangu, nikaanza kuipima kwa uzi kama nilivyomwona baba akipima kiuno cha mteja. Mizunguko yake haikuwa sawa. Wa kwanza ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, wa pili mpana zaidi, wa tatu mpana kuliko huo, na wa mwisho mkubwa kuliko yote. Nitawaambia ukweli: nilidhani amekosea. Nilimhurumia. Nikaenda kutafuta nyumba nyingine iliyoshonwa vizuri. Nilikusanya kumi na moja, na zote zilikuwa na "kosa" lile lile.

Baada ya hapo sikupata amani. Nilianza kuuona mzunguko huo kila mahali. Mboga ya maboga ilipopanda kwenye ua wa Bibi, vile vikono vyake vyembamba vilikuwa vimejizungusha kwenye kijiti namna ile ile. Jongoo niliyemgusa kwa jani alijikunja namna ile ile. Kando ya kijito majani machanga yaliota yakiwa yamekunja vichwa kama watoto wanaosinzia darasani. Siku moja nilimbeba kinyonga juu ya kijiti nimwonyeshe Bibi mkia wake, na Bibi, mwanamke aliyeua nyoka kwa mchi mbele ya macho yangu, alikimbilia ndani na kufunga mlango. "Mtupe! Mtupe huko, mchawi mdogo wewe!"

Nilitaka kukitengeneza kitu hicho kwa mikono yangu. Nilianza na udongo, ukapasuka. Nikajaribu uzi, ukalala chini kama mlevi. Ndipo nikaenda kwa Mjomba Yohana, kaka yake mama, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kibarazani kwake, hatua chache kutoka kwa Bibi. Alinipa vipande vya waya wa breki na njiti za gurudumu zilizopinda.

"Wenzako wanatengeneza watoto wa mabunzi ya mahindi, wanawabeba mgongoni," alisema. "Wewe mwana wa dada unataka kuzaa konokono?"

Waya wa breki ulichoma vidole na njiti hazikukubali kukunjika. Kila nilichotengeneza kilikuwa kibaya, nami nilikifumua, na kila nilipofumua na kukunja tena chuma kilikuwa kigumu zaidi kuliko mwanzo. Nililaumu vidole vyangu. Sikulaumu neno la baba.

Kisha barua ikaja. Mjomba Yohana alimsomea Bibi akiwa amesimama: mama amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, na arobaini ikitimia atamleta Iringa Bibi amwone. Bibi hakupiga vigelegele kama nilivyotarajia. Aliingia ndani akatoka na kikapu kidogo chenye mfuniko, akakaa mlangoni penye mwanga, akafungua kitambaa kilichokuwa ndani. Zilikuwa bangili tatu za udodi. Mtu asiyejua angeona bangili nene za shaba, lakini ukizisogeza karibu na jicho unaona kwamba kila moja ni waya mmoja, mwembamba karibu kama uzi, uliozungushwa mara mamia kwa mamia, mzunguko ukilala ubavuni mwa mzunguko, bila nafasi ya kupita hata pumzi. Sijawahi kuona mshono wa baba uliofikia kazi ile.

"Nilisokota mwenyewe, bado msichana," alisema huku akizisugua kwa majivu. "Ndani yake iko nywele ya mkia wa ng'ombe. Siyo ng'ombe yoyote. Ile iliyotangulia njiani, siku mume wetu alipoleta mahari."

Akaniambia kwamba huzivaa siku moja tu: siku ya kumpokea mjukuu mara ya kwanza. Alizivaa kuwapokea watoto wa Mjomba Yohana. Alizivaa kunipokea mimi. "Wale wawili waliofuata nyuma yako, nilizitoa hivi hivi, nikazisugua hivi hivi, nikakaa hapa hapa nasubiri. Halafu ikaja barua nyingine." Akazifunga tena kwenye kitambaa.

Mtoto wa miaka tisa anajua kuunganisha mambo, hata yasiyoungana. Mimi alizivaa, nikaishi. Wale hakuzivaa, hawakukaa. Kwa hiyo bangili zile ndizo zilizokuwa zikimshika mtoto duniani. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini niliamini kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha.

Mtaniuliza: kama uliamini hivyo, ulithubutuje? Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilithubutu kwa sababu siku zile arobaini zilikuwa bado nyingi, na kwa sababu waya ule ulikuwa mlaini, mwembamba na mrefu kuliko waya wowote niliowahi kuushika, na kwa sababu nilikuwa mtoto wa fundi cherehani. Kwetu kitu kilichotengenezwa kilikuwa kitu kinachoweza kufumuliwa. Ningefumua bangili moja, ningemtengeneza konokono wangu mara moja tu nimwone, kisha ningemfumua na kuusokota waya mahali pake. Ungekuwa kama mshono uliorudiwa. Hakuna ambaye angejua.

Jumapili iliyofuata Bibi alikwenda kanisani, nami Mwislamu nikabaki kulinda nyumba. Nilichukua bangili moja kikapuni, nikakaa jikoni karibu na moto, nikatafuta ncha ya waya, nikaivuta. Waya ulitoka ukiwa umejikunja kunja, mrefu, ukicheza hewani kama vile vikono vya maboga, na chini yake ikaanza kuonekana nywele nyeusi, iliyobanwa miaka mingi kiasi kwamba ilikuwa imechukua mawimbi ya waya. Ilikuwa bado na harufu ya zizi. Niliitoa taratibu nikaiweka kando, juu ya jiwe.

Konokono wangu wa kwanza wa shaba alikuwa karibu kamili. Nilianza na punje, nikapanua, nikapanua. Nasema karibu, kwa sababu mzunguko wa mwisho uliegemea upande. Mtu mwenye akili angeacha. Nikafumua. Wa pili aliegemea upande ule mwingine. Nikafumua. Nilipokuwa nikimzungusha wa tatu, waya ulikatika, kimya, bila hata mlio, kama ukucha. Nikaushika mbele zaidi, ukakatika tena na tena. Nilichukua kipande kirefu kilichobaki nikajaribu kukisokota tena juu ya nywele, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, nacho kikakataa kulala. Kiliinuka huku na huku kama manyoya ya kuku aliyelowa. Tazama, nikajiambia, kitambaa hakina kinyongo, lakini shaba inakumbuka kila kitu.

Ndipo niliposikia sauti za watu wakirudi kutoka kanisani. Nikayakusanya yote kwa haraka, konokono aliyevunjika na vipande, nikavitia kifuani ndani ya gauni. Na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukafanya kazi uliyofundishwa tangu nilipojua kutembea: ukaokota zile nywele kutoka kwenye jiwe ukazitupa motoni.

Ziliwaka kwa mlio mdogo, zikajikunja, zikaisha. Nadhani hata mshale wa sekunde hukawia kuliko hapo.

Bibi aliingia akiwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani, akasimama.

"Kumeungua nini hapa?"

"Nywele zangu, Bibi. Nilikuwa napuliza moto."

Alikuja akainama, akaweka pua yake juu ya kichwa changu. Kisha akaenda kuchukua chupa ya mafuta ya nyonyo, akanikalisha katikati ya magoti yake, akanipaka utosini polepole, mahali ambapo hapakuwa na unywele mmoja ulioungua. "Pole, mke mwenzangu," alisema. "Moto wa jikoni hauna adabu." Nimepigwa mara kadhaa maishani, na hakuna kipigo kilichouma kama mafuta yale.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila basi la kutoka Mbeya lilipopita barabarani nilisimama nilipokuwa, nikisubiri Mjomba Yohana aje na karatasi mkononi. Nilikuwa na hakika kwamba mdogo wangu ambaye sijamwona alikuwa anapungua kidogo kidogo huko Mbeya, na kwamba ningeweza kumhesabia. Nilimpelekea Mjomba kipande cha waya kwa siri, nikamuuliza kama unaweza kunyooshwa. Alikipindisha, kikavunjika, akatikisa kichwa. "Umechoka huu. Umeupata wapi?" Nikasema nimeuokota njiani. Uongo wa pili hutoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo nalo liliniogopesha.

Kisha Jumanne moja utingo wa basi alipita nyumbani na salamu: mama na mtoto wangefika Alhamisi.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nilikaa mbele yake, nikatoa vile vitu kutoka kwenye kifundo cha nguo nilichokuwa nikilalia, nikaviweka chini kwenye ungo wake: konokono aliyevunjika mdomo, vipande vitano vya waya, na mikono yangu miwili, kwa sababu nilitaka aichape. Maneno yalinitoka yote pamoja, na sikumbuki mpangilio wake. Nakumbuka tu la mwisho. "Na nywele nilizichoma, Bibi. Za ng'ombe wa babu. Nilizichoma."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi lile likaisha.

"Nilijua tangu Jumapili ile," alisema. "Nywele ya mtoto ikiungua hainuki zizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mwizi ni wewe."

Akanyanyuka akaenda zake shambani. Sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Alikaa huko mpaka jioni, na aliporudi alipika tukala, bila kuniita mke mwenza. Nilielewa kwamba waya haukuwa kitu. Kilichomkalisha shambani kilikuwa ule mkia, ambao hakuna duka Iringa nzima lingekuwa na mwingine. Mume wetu alikuwa amepungua tena, na aliyempunguza nilikuwa mimi.

Asubuhi ya Jumatano nilimkuta ameshawasha moto. Nikamuuliza lile nililoogopa kuuliza siku zote zile: "Bibi, mtoto atakufa?"

Alinigeukia haraka. "Nani amesema?"

Nikamweleza, mimi na wale wawili na bangili. Alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mzima. Ukaogopa. Kisha akakohoa kidogo. "Bangili ya kushika mtoto hakuna, mke mwenza. Ingekuwepo, ningewavalia wale nikiwa hapa hapa, bila kusubiri basi." Nilimwamini kiasi. Leo nadhani alikuwa anajiambia na yeye.

"Nenda kwa mjomba wako, lete koleo."

Nilipokuja na koleo alichukua vipande vyote vya waya akavilaza juu ya makaa. Nilipiga kelele. Akaniambia ninyamaze. Shaba ilibadilika rangi, ikawa nyekundu iliyofifia kama tumbo la bakuli la udongo, kisha akaitoa na kuitumbukiza kwenye maji. Aliponiwekea kiganjani, ilikuwa laini kama uzi mpya wa duka.

"Waya ukichoka haupigwi, haulazimishwi. Unaulaza," alisema. "Nani alikufundisha kuukunja baridi?"

Hakuna aliyenifundisha. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu, na ndilo limebaki kuwa tatizo langu hadi sasa: najifunza kwa kuvunja.

Ikabaki habari ya kitu cha ndani. Bibi alikaa akifikiri, mkono shavuni, kisha akacheka peke yake, kicheko cha kwanza tangu jana. "Baba yako huyo hakutuletea hata mkia. Wenzake wanaswaga ng'ombe, yeye kaja na kanga na majora ya kitambaa, ndugu zangu wakanuna mwezi mzima." Akaingia ndani akarudi na kanga moja kuukuu iliyokuwa katika mahari ile ya mama, akaanza kuchomoa nyuzi kwenye pindo lake, moja moja, nyekundu na nyeusi, na kunipa nizisokote pamoja. Kutwa nzima tulifanya hivyo. Nilisokota nyuzi juu ya paja, naye alizungusha waya, na mara nyingine tulibadilishana, na akanipiga vidole nilipobana kupita kiasi.

Waya haukutosha. Tulifika karibu na mwisho na nafasi ya upana wa kidole ikabaki wazi. Nikamchukua konokono nikaanza kutafuta ncha yake.

"Huyo mwache," Bibi alisema. "Yeye amekwisha kuwa konokono."

Akavuta nyuzi zilizobaki wazi, akaunganisha ncha mbili za waya kwa kuzisokota pamoja. Palikuwa na kifundo. Si kifundo hapo tu: kila kipande kilipokutana na kingine palikuwa na kifundo, vitano kwa hesabu, na mizunguko yangu ilikuwa na mapengo ambayo mizunguko yake haikuwa nayo. Mtu aliyefumba macho angejua kwa kidole ipi kazi yangu, ipi kazi yake.

"Bibi, tufumue tuanze upya?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ufumue! Kesho mama yako ashuke kwenye basi atukute tumekalia waya! Mume wetu sikia, sikia mke uliyeniachia!"

Alhamisi alivaa gauni lake la Jumapili na bangili zote tatu mkono wa kulia. Mbili zilikaa sawa. Ya tatu ilikaa kama mtu aliyechelewa kwenye benchi, imebanwa pembeni, vifundo vyake nje. Mama alifika amechoka, amepungua, ana tabasamu, nami nikamng'ang'ania kiunoni. Bibi alinyoosha mikono akampokea mtoto, akamlaza kichwa juu ya kiwiko, na alipomsogeza juu kidogo ili amwone usoni, kifundo kimoja kikamgusa shavuni.

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu za mtu mwenye haki, akakunja miguu, akawa mwekundu, na kwenye shavu nikaona alama ndogo ya shaba, kazi ya mikono yangu. Nilisogea nichukue bangili ile, niitupe, nifanye chochote.

"Mwache alie," Bibi alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Kumbe ana sauti! Mnasikia? Ana sauti!"

Alama ile iliondoka kabla ya chai. Mtoto alikaa. Sasa ana ndevu, anaazima nyundo zangu na harudishi.

Bibi alizivaa bangili zile mara nyingine kadhaa, kwa wajukuu waliofuata na kwa kitukuu mmoja. Kila mara nilimwomba, kadiri nilivyokua na kujua kazi zaidi, anipe ile ya tatu niitengeneze vizuri, na kila mara alikataa. Kwa miaka mingi nilidhani anaiacha hivyo ili kunikumbusha wizi wangu. Nilikuwa nimeshaolewa nilipopata akili ya kutazama alivyokuwa akiivaa. Nyuma ya mkono kulikuwa na nafasi ya kuficha vifundo, na yeye alivigeuza mbele. Mgeni akimuuliza, alisema, "Hii tulisokota na mke mwenzangu," kama mtu anayetaja mali.

Wakati ule niliona amenisamehe licha ya kazi mbovu. Sikuelewa kwamba kazi ile mbovu ndiyo aliyoipenda, kwa kuwa ndiyo niliyoifanya nikiwa sina pa kujificha. Wala sikumwelewa konokono niliyemhurumia pale mgombani. Nimewapasua wengi tangu hapo, wale niliowakuta wamekufa, nikatazama ndani. Ile punje ya kwanza aliyoanza nayo akiwa mdogo bado imo. Hakuibomoa alipopata nguvu za kujenga vizuri zaidi. Na wengine wana kovu katikati ya mzunguko, mahali palipovunjika wakiwa wachanga, na mzunguko unaofuata umeanzia kwenye kovu hilo hilo.

Nasema nimeelewa, lakini vidole vyangu vinachelewa kuelewa. Nyuma ya kibanda changu kuna rundo la chuma nilichokifumua mpaka kikakatika, na mume wangu amezoea kulizunguka bila kuuliza. Mwezi huu nimeanza konokono mkubwa wa vyuma vya matairi ya gari la ng'ombe, wa kimo cha mtoto wa miaka tisa. Mzunguko wa pili umepinda. Niliutazama siku tatu, koleo mkononi, nimekosa usingizi. Leo asubuhi niliwasha moto, nikalaza chuma kingine kwenye makaa, nikaanza mzunguko wa tatu pale wa pili ulipoishia.